Nyaya Kabla ya Umeme

Nyumba ya baba yangu pale Msanzi ilikuwa na soketi kumi na moja miaka mingi kabla umeme haujafika kijijini. Fundi alitoka Sumbawanga na begi la koleo na bisibisi, akalala kwetu siku nne, akachimba kuta, akapitisha nyaya, akafunga swichi nyeupe katika kila chumba. Jioni sisi watoto tulizunguka tukizibonyeza moja baada ya nyingine, tunacheza mchezo wa kuwasha taa, huku kibatari kikiwaka mezani.

Jirani yetu wa upande wa juu, mwalimu mstaafu, alijenga mwaka huohuo. Yeye hakununua nyaya. Alilaza paipu tupu za plastiki ndani ya kuta, akaacha kamba ndani ya kila paipu, akaziba midomo yake kwa matambara ili panya na nyigu wasiingie. Baba alimtania. Alimwambia, "Mwalimu, nyumba yako ina mishipa lakini haina damu." Mwalimu akajibu kwamba damu italetwa na mwenye nayo.

Jirani wa upande wa chini hakuweka chochote. Alisema hawezi kutoboa ukuta kwa ajili ya kitu ambacho hajakiona.

Umeme ulipofika, mkaguzi alipita nyumba hadi nyumba. Kwetu alifungua soketi mbili, akatikisa kichwa. Nyaya zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, waya wa ethi haukuwepo, na kule darini panya walikuwa wameshakula mlo wao. Ikabidi kuta zichimbwe upya, na baba akalipa mara mbili. Mwalimu alifunga nyaya mpya kwenye zile kamba zake, akavuta, na kabla ya jua kuzama fundi alikuwa amemaliza. Jirani wa chini alisubiri miezi minane, kwa sababu mafundi wote walikuwa na kazi na foleni ilikuwa ndefu.

Kwa muda mrefu niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha familia. Mwaka jana ikageuka kuwa swali lililonikosesha usingizi.

*

Mimi ni mmoja wa walezi wanne wa programu ndogo huria. Nasema huria kwa maana kwamba msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kutuletea marekebisho yake. Kazi ya programu yenyewe ni ya kawaida kabisa. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali kupitia waya, inauandika kwenye daftari la kompyuta, kisha inamtolea mkulima risiti. Inatumika katika maghala machache ya vijijini wakati wa msimu wa mahindi na maharage. Hatulipwi. Tunakutana kwa simu Jumapili jioni, mtandao ukikubali.

Mwezi Januari kijana mmoja mhandisi aliniandikia. Kampuni anayofanyia kazi ilikuwa inatengeneza mizani mpya ambayo ingetoka Mei. Alikuwa ameshatuandikia draiva yake, yaani kile kipande cha msimbo kinachoifundisha programu kuzungumza na kifaa fulani. Ilikuwa na mistari kama elfu mbili, imeandikwa kwa unadhifu kuliko yetu. Aliomba tuipokee mara moja.

"Kaka," aliniambia tulipozungumza, "mkingoja mizani itoke, msimu utakuwa umeshaanza. Maghala yenu yanabadilisha programu mara moja tu kwa mwaka, Aprili, mnapozunguka na flashi. Isipokuwemo Aprili, mkulima ataisubiri hadi mwaka unaofuata."

Alisema kweli. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nipe muda," na nilikuwa na sababu ya kuogopa ambayo sikumwambia siku ile.

Miaka mitatu kabla yake tuliwahi kupokea draiva ya kipima unyevu cha nafaka ambacho kilikuwa bado hakijatoka. Tuliambiwa kingetoka hivi karibuni. Hakikutoka kamwe. Waliotuletea walihamia kazi nyingine na barua pepe zetu zikawa hazijibiwi. Msimbo ukabaki, kwa kuwa kuondoa kitu nako ni kazi, na hakuna aliyeona unamdhuru nani.

Msimbo ule ulikuwa na tabia moja. Kila programu ilipowashwa, ulipita kwenye kila tundu la kompyuta ukibisha hodi: unatuma herufi T, unasubiri kuona kama kipima unyevu kitaitika. Kwa kile kifaa ambacho hakikuwepo duniani, T ilimaanisha "uko hapo?" Kwa aina moja ya mizani ya zamani iliyokuwa ikitumika katika ghala la kijiji cha jirani, T ilimaanisha kitu kingine: chochote kilicho juu yako sasa, kihesabu kuwa sifuri.

Siku moja umeme ulikatika na kurudi katikati ya kupima. Kompyuta ikawaka, programu ikabisha hodi, mizani ikatii. Juu yake palikuwa na furushi la magunia matupu, kilo tatu hivi. Karani akaliondoa, akaendelea na kazi. Tangu hapo kila gunia lilisomeka pungufu kwa kilo tatu. Kioo cha mizani yenyewe kilikuwa kimekufa siku nyingi, kwa hiyo watu walitegemea skrini ya kompyuta. Na sisi, kwa kutaka skrini iwe safi, tulikuwa tumeifundisha programu kuonyesha sifuri kila inapopata namba hasi. Mizani tupu ilikuwa ikilia kwamba ina hasi tatu, na sisi ndio tulioiziba mdomo.

Aliyegundua ni shangazi yangu. Alikuwa amepima mahindi yake nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kuyapakia kwenye mkokoteni. Aliposoma risiti, alikaa chini mlangoni mwa ghala na kusema haondoki. Kisha akanipigia simu, hajui kwamba programu ile ina mkono wangu.

"Baba, huku kuna kompyuta inatuibia. Si wewe unayajua mambo hayo?"

Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika.

Daftari la programu lilikuwa na saa ya kila kipimo, kwa hiyo tuliweza kuona mahali uzito ulipoanza kudanganya. Yalikuwa magunia 140, kilo 420 za jasho la watu. Ghala lilirudisha tofauti kwa wote waliopatikana. Wawili waliokuwa wametoka mbali hawakupatikana. Nilimweleza shangazi ukweli jioni ileile. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi itengenezeni," akaanza kuniuliza habari za watoto.

*

Kwa hiyo barua ya kijana yule ilipofika, nilianza kusoma. Nilitaka kujua miradi mikubwa ya programu huria ilifanya nini ilipobishiwa hodi na vifaa ambavyo vilikuwa bado havijazaliwa. Mkubwa wao, kwa jambo hili, ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Leo kiini chake kimo ndani ya seva, ruta na kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa msomaji.

Mwaka 1994 kampuni za Intel na Hewlett-Packard zilianza kushirikiana kutengeneza prosesa ya aina mpya, iliyokuja kuitwa Itanium. Wataalamu wengi waliamini kwamba ndiyo itakayotawala seva za dunia. Hakuna aliyetaka kuachwa nyuma. Wahandisi wa kampuni kadhaa waliungana katika mradi ulioitwa Trillian, wakaiandaa Linux kwa ajili ya prosesa hiyo kabla haijauzwa. Kwa kuwa chipu yenyewe haikuwepo, walianza kazi juu ya programu inayoigiza chipu, yaani kompyuta ya kawaida inayojifanya Itanium, polepole, amri moja baada ya nyingine. Februari 2000 msimbo wao uliwekwa hadharani na kuingia katika Linux. Itanium ikaanza kuuzwa mwaka 2001.

Ilipofika, ilikuwa imechelewa na haikukimbia kama ilivyotarajiwa. Watani waliita Itanic, kwa kumbukumbu ya ile meli. Hata hivyo msimbo wake ulikaa. Kila mtu aliyetaka kubadilisha jambo la msingi katika Linux alitakiwa kuikumbuka Itanium pia, hata kama hajawahi kuiona kwa macho. Intel ilipeleka chipu za mwisho mwaka 2021. Linux iliuondoa msimbo huo katika toleo la 6.7, Januari 2024. Zaidi ya mistari elfu sitini ilifutwa baada ya malezi ya miaka karibu ishirini na minne.

Wakati huohuo palikuwa na mshindani mdogo. Kampuni ya AMD ilitangaza mwaka 1999 kwamba itaipanua prosesa ya kawaida ya kompyuta za mezani ifike biti 64, bila kuvunja programu za zamani. Agosti 2000 ikachapisha maelezo rasmi, kila mtu ayasome, na baadaye ikatolewa programu ya kuigiza chipu hiyo. Wahandisi wa SuSE huko Ujerumani waliandika msimbo wa Linux bila kuwa na chipu mkononi. Uliingia katika Linux mwaka 2002. Prosesa ya kwanza, Opteron, ilianza kuuzwa Aprili 2003, na Linux ikaikuta tayari. Mwaka 2004 Intel yenyewe ikaanza kutengeneza chipu zinazofuata njia ya AMD. Kompyuta ninayoandikia makala hii ni ya ukoo huo.

Mwanzoni niliyasoma mambo haya kama mtu anayetafuta namba za bahati nasibu: huyu alishinda, yule alishindwa, kwa hiyo pokea wa kwanza ukatae wa pili. Lakini ukirudi ukakaa mwaka 2000, ukajisahaulisha yaliyofuata, hesabu inakataa. Itanium ndiyo iliyokuwa na fedha, majina makubwa na utabiri mzuri. AMD ndiyo iliyoonekana kujikongoja. Mlezi wa mradi ambaye angepokea kwa kubashiri mshindi angepokea Itanium na kuwafungia mlango wale wa SuSE.

Linux ilipokea zote mbili, na nadhani ilifanya sawa. Zote zilikuja na maelezo yanayosomeka, na njia ya kujaribu msimbo hata kabla chipu haijatoka kiwandani, na watu wanaojulikana ambao wangejibu barua kesho na keshokutwa. Msimbo wa Itanium ulikaa katika saraka yake, na siku ya kuondoka ilipofika ungeweza kukatwa kwa kazi inayopimika. Swali la kama kifaa kitafanikiwa sokoni halikuwa la walezi kulijibu. La kwao lilikuwa nani atakibeba, na kitatokaje kikishindwa.

*

Hoja ya kijana wangu kuhusu Aprili nayo ina historia. Watu wengi hawachukui Linux kutoka kwa Torvalds. Wanaipata kupitia mifumo kama Ubuntu, ambayo toleo lake la kukaa muda mrefu hutoka mara moja kila miaka miwili. Msimbo ukiikosa meli hiyo, mtu mwenye kompyuta mpya anaweza kukaa muda mrefu bila sauti, bila picha nzuri au bila Wi-Fi. Aliye na intaneti ya kasi atapakua dawa yake usiku huohuo. Aliye Msanzi atasubiri mtu anayekwenda mjini. Kukataa mapema mno kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia zaidi aliye mbali.

Afrika Mashariki tumewahi kufaidika na watu waliokubali kujiandaa kabla. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Wengi wa waliokusudiwa kuitumia walikuwa bado hawajagusa kompyuta. Kama watu wa OpenOffice wangesema waleteeni kwanza watumiaji, ndipo wapokee maneno, kazi ile isingeanza.

Mfano mwingine ni ule wa kompyuta ndogo za watoto. Januari 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kila mtoto na kompyuta yake, kwa bei ya dola 100. Wapangaji walichagua Linux, na wajitolea wakaanza kazi juu ya mbao za majaribio kabla kiwanda hakijaanza kuzalisha kwa wingi mwezi Novemba 2007. Draiva ya Wi-Fi ya mashine hizo, iitwayo libertas, iliingia katika Linux miezi kadhaa kabla ya hapo. Rwanda ikaja kuwa nchi ya Afrika iliyozitumia kwa wingi, na watoto walipozifungua, programu ilikuwa imeshaifahamu mashine.

Lakini dola 100 haikufikiwa. Uzalishaji ulipoanza bei ilikuwa karibu 188. Walimu na wachumi wamebishana sana kama mpango ule uliwasaidia watoto kujifunza. Pamoja na hayo, libertas imebaki ndani ya Linux, na imetumika kwa kadi nyingine za ukoo huo. Ahadi iliyotolewa jukwaani ilibadilika. Chipu ya Wi-Fi, ambayo wahandisi walikuwa nayo mezani na kuijaribu, haikubadilika. Mlezi aliyepokea kwa kuangalia chipu alibaki salama kuliko aliyepokea kwa kusikiliza hotuba.

*

Kanuni iliyonifungua macho zaidi ni ya RISC-V. Hii ni lugha ya amri za prosesa iliyo wazi, ambayo yeyote anaweza kutengeneza chipu inayoifuata. Iliingia katika Linux mwaka 2018. Kwa kuwa iko wazi, kila mtu ana wazo la kuongeza amri mpya, na kila mwenye wazo anataka Linux ilipokee leo. Walezi wakaandika sharti: msimbo wa sehemu mpya utapokewa pale tu maelezo ya sehemu hiyo yatakapokuwa yamegandishwa au kuidhinishwa na taasisi inayosimamia RISC-V. Rasimu ikae nje.

Sharti hilo liliuma. Kazi ya kuiwezesha RISC-V kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta ilipelekwa kwa walezi mwaka 2019, ikiwa tayari, lakini ikakaa mlangoni hadi mwaka 2021 maelezo yake yalipotulia. Walioiandika walilalamika kwa haki. Upande wa pili, kuna chipu zilizotengenezwa na kuuzwa zikiwa na amri za vekta za rasimu ya 0.7.1, toleo la 1.0 lilipoidhinishwa mwaka 2021, halikupatana nazo. Zile chipu ziko mikononi mwa watu, na haziwezi kusahihishwa kwa barua pepe. Kwa hiyo "kutoka" kwa kifaa siyo mwisho wa shaka. Kifaa kinaweza kuwa dukani huku lugha yake bado ni rasimu, na lugha inaweza kuwa imekamilika huku kifaa kiko bado kichwani mwa mchoraji. Kati ya hayo mawili, walezi wa RISC-V walichagua kuangalia lugha.

Intel nayo, kwa draiva zake za picha, iliweka njia ya katikati. Msimbo wa chipu zijazo huingia Linux mapema, lakini umefungiwa komeo. Zamani komeo hilo liliitwa preliminary_hw_support. Siku hizi kuna jingine liitwalo force_probe. Mtumiaji lazima aseme kwa mkono wake mwenyewe kwamba anakubali kujaribu kisichokomaa. Asiposema, msimbo hukaa kimya.

Na tangu mwaka 2008 kuna ndani ya Linux sehemu iitwayo staging, aliyoianzisha Greg Kroah-Hartman, ambapo draiva mbichi huwekwa zikamilishwe mbele ya macho ya wote. Zisipoiva hutolewa. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi Wafipa tulikuwa na kitu hicho. Wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yapatayo mita tatu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Magofu yake bado yanaonekana kwenye uwanda wetu, na Profesa Bertram Mapunda ni mmoja wa wanaakiolojia walioyachunguza. Chuma kilichotoka humo hakikuwa tayari kwa jembe. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, likachochewa kwa mivukuto, takataka zikatoka, ndipo kikamfikia mhunzi. Hakuna aliyekitupa chuma cha tanuri la kwanza, na hakuna aliyempa mkulima akalimie.

*

Jumapili moja ya Februari tulikaa sisi wanne kwenye simu kwa saa mbili na nusu. Mwenzetu wa Mbeya alitaka tuikatae draiva moja kwa moja. Alisema sisi si Linux, hatuna watu elfu, kila mstari tunaoupokea ni sisi wanne tutakaoamka nao usiku. Mwenzetu wa Dodoma alitaka tuipokee. Alisema maghala mawili yameshaagiza mizani hiyo, na kama tunakataa kila kitu kwa sababu ya magunia 140, basi tumefanya woga kuwa sera.

Nikawasimulia nyumba tatu za Msanzi.

Tukakubaliana maswali manne ya kumuuliza kila anayekuja na kifaa kisichotoka. Lugha yake imeandikwa na kugandishwa? Kuna njia ya sisi kukijaribu, hata kama ni kwa chombo cha kuigiza? Nani, kwa jina, atajibu simu mwezi Agosti? Na kama kifaa hakitatoka, tunautoaje msimbo, tarehe gani, bila kumgusa mtu anayetumia mizani nyingine? Tukaongeza na marufuku moja, ambayo ni ya shangazi: msimbo wa kifaa kisichokuwepo haubishi hodi kwenye tundu la mtu yeyote.

Kijana alijibu maswali kwa uaminifu, namshukuru kwa hilo. Alijitolea jina lake. Alituma programu ya kuigiza mizani. Lakini juu ya maelezo ya lugha ya mizani paliandikwa "rasimu", na nilipomuuliza kama kampuni inaweza kuliondoa neno hilo kabla ya Aprili, alisema hapana, bosi wake bado hajaamua mambo mawili.

Hatukupokea draiva. Tulipokea paipu. Kwa wiki sita, yeye na mimi tulikata programu yetu mahali ambapo mizani huungana nayo, tukatengeneza mdomo mmoja ulio wazi, ili draiva mpya iweze kuongezwa baadaye kama faili dogo, bila kubadilisha programu nzima. Faili hilo linaenea kwenye ujumbe wa WhatsApp. Aprili tukazunguka na flashi kama kawaida, paipu zikiwa ndani na kamba zake, midomo imezibwa.

Mizani haikutoka Mei. Ilitoka Agosti. Moja ya yale mambo mawili ambayo bosi alikuwa hajaamua lilikuwa ni mahali pa herufi inayosema uzito umetulia. Ilihamishwa. Draiva ya Januari ingeisoma mizani mpya bila kulalamika, na ingeandika uzito wakati gunia bado linayumba.

Nisingependa msomaji aone nimeshinda. Bosi yule angeweza kuamua vinginevyo, na draiva ya Januari ingefanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Maghala mawili yaliyokuwa yameagiza yaliandika risiti kwa mkono kwa siku kumi na mbili za Agosti, wakati kijana akirekebisha faili na sisi tukilijaribu. Wakulima walipanga foleni juani kwa sababu ya uamuzi wetu. Mmoja wao, nimeambiwa, alisema kompyuta za siku hizi hazina maana. Kijana naye alikasirika. Kwa muda aliniita "mheshimiwa" badala ya "kaka". Sasa yeye ni mlezi wa tano, na juzi amekataa draiva ya mtu mwingine kwa ukali ambao mimi sina.

Mwezi Desemba nilikwenda Msanzi. Mvua zilikuwa zimeanza na shangazi alikuwa shambani. Katika chumba nilichokuwa nikilala utotoni, fundi wa pili alipitisha nyaya zake upande mwingine wa ukuta na kuiacha swichi ya zamani mahali pake, kwa sababu kuing'oa kungebomoa plasta. Haijaungwa na kitu chochote. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka minne, aliibonyeza mara tatu, akatazama taa, akanitazama mimi, kisha akaenda kuwasha ile nyingine.